Uzito wa "kutokana na" katika faili la muuguzi

Vitanda vitatu, wodi moja, siku moja baada ya upasuaji wa moyo. Kwenye chati za wagonjwa wote watatu pameandikwa kitu kilekile: anahema mara 28 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 91. Muuguzi wa zamu ya usiku akiishia hapo, atawawekea wote oksijeni, atainua vichwa vya vitanda, kisha atasubiri. Kabla ya alfajiri mmoja wao anaweza kufa.

Wagonjwa hawa ni wa mfano, lakini hali zao ni za kila wiki katika wodi za moyo. Tuseme wote wamebadilishiwa vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maambukizi ya koo utotoni na ambao bado unaleta vijana wengi wa Afrika Mashariki mezani kwa mpasuaji. Kwa daktari, jina la ugonjwa wao ni moja. Muuguzi anatafuta kingine: mwili wa huyu, usiku huu, umeyapokeaje yaliyoupata?

Kazi hiyo ndiyo inaitwa utambuzi wa kiuguzi. Iliwekewa utaratibu kuanzia mwaka 1973, Kristine Gebbie na Mary Ann Lavin walipoitisha mkutano wa kwanza wa kuainisha utambuzi huo mjini St. Louis, Marekani. Mwanazuoni Marjory Gordon aliupa umbo ambalo wanafunzi wa uuguzi hulikariri mpaka leo: tatizo, sababu, dalili. Tatizo huunganishwa na sababu kwa maneno mawili, "kutokana na". Uzito wote wa sentensi uko hapo, kwa maana afua za muuguzi hulenga sababu. Tuingie wodini tuone.

Kitanda cha kwanza. Mgonjwa ameshika kifua, anavuta pumzi fupifupi, hataki kukohoa. Mfupa wake wa kidari ulipasuliwa kwa msumeno, kisha ukafungwa kwa nyaya za chuma. Ukimuuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, anajibu nane. Muuguzi anaandika: upumuaji usiotosheleza kutokana na maumivu ya kidonda cha kifua, unaoonekana kwa kuhema upesi na kukwepa kukohoa. Sentensi hiyo inapanga hata mfuatano wa kazi. Dawa ya maumivu iliyoagizwa inatangulia, inaachwa ifanye kazi, ndipo mgonjwa anapewa mto aukumbatie kifuani, avute pumzi ndefu na kukohoa. Baadaye anasaidiwa kuketi kwenye kiti. Ukianza na mazoezi kabla ya dawa, atakataa, na sehemu za chini za mapafu zitazidi kunywea.

Kitanda cha pili. Huyu maumivu yake ni mawili tu kati ya kumi. Hata hivyo miguu imevimba, mapafu yanatoa mlio wa maji upande wa chini, na mzani unaonyesha amezidi kilo tatu juu ya uzito aliokuja nao. Kilo moja ni takriban lita moja ya maji, mengi yakitoka kwenye dripu na kwenye mashine iliyoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Utambuzi: maji kuzidi mwilini kutokana na maji aliyopewa wakati wa upasuaji na baada yake, yanayoonekana kwa uvimbe, uzito na mlio wa mapafu. Mto wa kukumbatia hautamfaa sana. Anainuliwa, anapimwa kila kinachoingia na kinachotoka, anapimwa uzito kila asubuhi kwa mzani uleule, na anapewa dawa ya kukojoza iliyoagizwa na daktari. Hapo muuguzi anafuatilia pia madini ya potasiamu, kwani dawa hiyo huyaondoa pamoja na mkojo, na yakipungua, mapigo ya moyo huweza kuvurugika.

Kitanda cha tatu ndicho kipimo cha muuguzi. Mapigo yamefika 124, presha imeshuka hadi 84 kwa 68, mishipa ya shingo imetuna. Ana kilo 60, na kwa kawaida angetoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Saa iliyopita ametoa 15, na katheta imekaguliwa: haijajikunja. Mrija wa kifuani uliokuwa ukitoa damu saa baada ya saa umenyamaza ghafla. Asiye na uzoefu atafurahi kwamba damu imekatika. Mzoefu anaogopa: huenda mrija umeziba kwa bonge la damu, na damu inajikusanya ndani kuuzunguka moyo na kuubana usijae. Utambuzi: moyo kusukuma damu kidogo kutokana na shinikizo linaloshukiwa kuuzunguka. Afua ya kwanza ni simu kwa mpasuaji, sasa hivi. Nyingine zinakwenda sambamba: kukagua mrija kama umebanwa, kuandaa damu, kusogeza vifaa vya kufungulia kifua, kubaki kando ya kitanda.

Sasa tubadilishe dawa kwa mawazo. Dawa ya kukojoza iliyomwokoa wa pili ingempunguzia wa tatu damu inayorudi kwenye moyo ambao tayari haujai. Dawa kali ya maumivu iliyomwezesha wa kwanza kukohoa ingeweza kuishusha zaidi presha ya wa tatu. Idadi ya pumzi ni ileile kwa wote watatu. Tiba ya mmoja ni sumu kwa mwenzake.

Ndiyo maana inasikitisha kuona mipango ya uuguzi inayonakiliwa kutoka faili hadi faili: "hatari ya maambukizi", "wasiwasi", "maumivu", na nafasi ya sababu imejazwa neno "upasuaji". Sababu inayowafaa wote haimwelezi yeyote. Najua wingi wa vitanda na uchache wa mikono. Kuandika kurasa tatu kwa kila mgonjwa haiwezekani. Lakini wakati wa kukabidhi zamu, sentensi moja yenye "kutokana na" huchukua sekunde kumi.

Hata siku ya kuruhusiwa inadai nidhamu hiyohiyo. Mwenye vali ya chuma atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na mwingine atarudi kliniki dozi ikiwa imevurugika. Je, ni kutokana na kusahau vidonge, kukosa nauli ya kufuata kipimo cha damu, au kuambiwa na jirani aache mboga za majani, ambazo hupunguza nguvu ya dawa hiyo, kisha akazirudia kwa pupa msimu wa mchicha? Aliyesahau anahitaji mtu wa kumkumbusha, aliyekosa nauli kliniki ya karibu, aliyemsikiliza jirani kuelezwa kwamba mchicha haukukatazwa: ale kiasi kilekile kila wiki. Muuguzi asiyeuliza atawapa wote somo moja, na wawili watarudi.