Kupindua, Kupinduka, Kupinduliwa: Fasihi ya Mapinduzi ya Zanzibar Inavyosomeka Mpakani mwa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi tatu za fasihi ya Kiswahili zinazohusu kuangushwa kwa usultani wa Zanzibar mnamo Januari 1964 na yaliyofuata: *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) na *Haini* (2003) za Adam Shafi, na tamthilia ya *Mashetani* (1971) ya Ebrahim Hussein. Kazi hizo zinasomwa kutoka mpaka wa Kenya na Uganda, ambako Kiswahili kinapanuka shuleni na ambako neno "mapinduzi" lina historia nyingine. Hoja kuu ni kwamba nomino "mapinduzi" huficha mtenda na mtendwa. Kila moja ya kazi hizi inarejesha sehemu tu ya kile ambacho nomino hiyo imekificha, na kwa sababu hiyo kufundisha moja bila nyingine ni kufundisha sababu bila matokeo, au matokeo bila sababu.

1.0 Utangulizi

Huko Unguja na Pemba, neno "mapinduzi" lina tarehe moja: 12 Januari 1964. Lina sikukuu yake, limo katika jina la Baraza la Mapinduzi, na tangu 1977 limo katika jina la chama kinachotawala Tanzania. Ni neno la fahari rasmi. Ukilivusha neno hilohilo hadi Busia, upande wa Kenya, linaleta kumbukumbu ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuitwaa serikali. Ukivuka tena hadi Tororo, linaleta tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote. Amin huyohuyo ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mnamo 1973, na lugha ikabaki kwa muda mrefu ikinasibishwa na kambi na vizuizi vya barabarani.

Tofauti hii si ya kamusi pekee. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2021. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Pamoja na lugha huja fasihi yake, na fasihi hiyo imebeba Mapinduzi ya Zanzibar kama mojawapo ya visa vyake vikuu. Inafaa basi kuuliza msomaji wa mpakani atakutana na nini humo.

2.0 Msomaji wa mpakani na ufalme wa jirani

Hadi mwaka 1902 pande zote mbili za mpaka huu zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo jimbo la mashariki lilihamishiwa himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili. Jambo wanaloshirikiana watu wa eneo hili ni kwamba wengi wao walitawaliwa kupitia ufalme wa jirani. Upande wa Tororo, Semei Kakungulu na mawakala wa Kiganda waliingiza Bukedi mfumo wa utawala wa Buganda kwa niaba ya Waingereza. Upande wa pili, Waingereza walimtegemea Nabongo Mumia wa Wanga, na jamaa wa ukoo wake wakapelekwa kuwa machifu wa watu wasio Wawanga. Ghasia za Bukedi za 1960 zililenga kodi na machifu walioikusanya. Hasira ilimwendea aliyekuwa mlangoni akiwa na daftari.

Uganda pia iliona viti vya enzi vikianguka, lakini kwa njia nyingine. Lubiri ya Kabaka ilishambuliwa na jeshi mwezi Mei 1966, Kabaka Mutesa II akakimbilia London, na katiba ya 1967 ikazifuta falme zote. Mwaka 1993 zikarejeshwa kama taasisi za utamaduni. Kwa hiyo msomaji wa Tororo anajua ufalme unaoweza kufutwa kwa amri na kurudishwa kwa sheria. Kiti cha Jamshid bin Abdullah hakikurudishwa. Kilichokiondoa kilikuwa umati, na msomaji huyu anahitaji kuelezwa umati huo ulitoka wapi.

3.0 Kupindua: *Kasri ya Mwinyi Fuad*

Riwaya hii inajibu swali hilo kwa kutupeleka shambani. Mwinyi Fuad anairithi kasri, ardhi na watu. Kijakazi, mtumishi wa nyumba hiyo, anabeba hali yake ndani ya jina lake. Hajui maisha nje ya utumwa uliobadilishwa sura. Vuai naye anawakilisha dhamiri inayoamka. Kitenzi cha riwaya ni "kupindua", katika kauli ya kutenda: kuna mtenda, naye ni mnyonge. Yanapokuja mapinduzi, ardhi inabadilika mikono na bwana wa zamani anatakiwa aishi kama wengine, jambo asiloweza kulikubali.

Nguvu ya riwaya ni kwamba inaifanya sababu ionekane kwa macho. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini mashamba ya karafuu yalibaki kwa wenyewe. Adam Shafi anaonyesha jinsi sheria inavyoweza kubadilika huku jikoni hakujabadilika kitu. Hapo hana mpinzani.

Udhaifu wake unatoka mahali hapohapo. Ukatili wa Mwinyi Fuad ni mkubwa kiasi kwamba sababu ya mapinduzi inakaribia kuwa tabia ya mtu mmoja. Msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba laiti Fuad angekuwa mpole, usultani ungedumu. Historia inakataa. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu, huku muungano wa ZNP na ZPPP ukipata viti 18 na kuunda serikali. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulikabidhiwa serikali hiyo, Sultani akiwa mkuu wa nchi. Aidha, serikali hiyo iliwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara, ikajitengenezea maadui waliojua silaha zilipowekwa. Uzito wa riwaya uko kwenye kiboko. Kisanduku cha kura hakina uzito wake. Kwa mshauri wa sera, hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa kiboko ni cha jana, lakini kura isiyogeuka kuwa viti ni jambo la leo.

4.0 Kupinduka: *Mashetani*

Ebrahim Hussein aliandika mapema zaidi, miaka saba baada ya tukio, lakini alikwisha kufika mbali zaidi. Juma anatoka katika ukoo uliopoteza mali na hadhi. Bibi yake angali anaishi katika utukufu uliopita. Kitaru anatoka katika nyumba inayopanda daraja. Vijana hawa wawili ni marafiki, wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na mchezo unawashinda nguvu.

Kitenzi hapa ni "kupinduka", kauli isiyotaja mtenda. Aliyekuwa juu yuko chini na aliyekuwa chini anapanda; lakini ngazi yenyewe haijavunjwa. Ndiyo maana Kitaru, ambaye kwa hesabu za kawaida ndiye mshindi, hana raha. Anarithi kitu ambacho hakukiomba, na hajui kama anachorithi ni nyumba au ni shetani aliyekuwa akiishi ndani yake. Tamthilia haiwataki wasomaji wamwonee bibi huruma hadi wamsahau Kijakazi. Inachokataa ni kudhani kwamba kubadilisha wakazi wa kasri ni sawa na kuibomoa.

Kwa msomaji wa Busia na Tororo, swali hili ni la nyumbani. Mawakala wa Kiganda na wa Kiwanga waliondoka, ofisi zao zikabaki, na wenyeji wakazikalia. Daftari la kodi halikuondoka.

5.0 Kupinduliwa: *Haini*

Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini baada ya mauaji hayo. *Haini* ilitoka mwaka 2003, miaka 31 baadaye, na mhusika wake, Hamza, anakamatwa kufuatia kuuawa kwa Kigogo. Kitenzi sasa ni "kupinduliwa", lakini kama hofu: waliopindua wanaogopa yaleyale waliyoyatenda, na hofu hiyo inageuza kila raia kuwa mshukiwa.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya kumsoma mwandishi mmoja mara mbili. Aliyeeleza kwa hamasa sababu za mapinduzi ndiye aliyeeleza kwa uchungu matokeo yake, bila kuifuta kauli yake ya kwanza. Kati ya vitabu hivyo viwili pana robo karne, na ndani yake pana nchi ambayo haikufanya uchaguzi wowote wa Zanzibar kuanzia Mapinduzi hadi mwaka 1980. Eka tatutatu zilizogawiwa wakulima ni kweli. Chumba cha mahojiano nacho ni kweli. Uhakiki unaochagua mmoja kati ya ukweli huu miwili umeacha kazi yake nusu.

6.0 Aliyeachwa nje ya kasri

Pamoja na tofauti zao, kazi zote tatu zina kimya kimoja. Mfanyakazi mhamiaji kutoka bara si mhusika mkuu katika yoyote kati yake. Ilhali sauti iliyotangaza mapinduzi redioni ilikuwa ya John Okello, mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili chake kilitambulika mara moja kuwa si cha mwambao. Miezi michache baadaye alizuiwa kurudi visiwani. Alichapisha simulizi yake kwa Kiingereza jijini Nairobi mwaka 1967, na baada ya mwaka 1971 hakuonekana tena.

Kimya hiki kina sababu. Kumpa Okello nafasi kubwa kungeunga mkono dai kwamba yaliyotokea yalikuwa uvamizi wa wageni. Kumnyima nafasi kabisa, hata hivyo, kunawafuta maelfu ya wachukuzi, waashi na vibarua wa bara waliokuwa sehemu ya jamii ya Zanzibar. Kunafuta pia swali gumu la waliouawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, ambao idadi yao ingali inabishaniwa. Mgeni alikuwa nani, na nani alikuwa na haki ya kuamua? Swali hilo watu wa mpakani hulisikia kila siku katika vituo vya forodha vya Busia na Malaba, katika lugha ya vitambulisho na vibali.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Sababu za kuangushwa kwa usultani zilikuwa za ardhi, za kura na za utambulisho. Matokeo yake yalikuwa ugawaji wa ardhi, Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, vifo, uhamisho na utawala wa hofu. Hakuna kazi moja inayoyabeba yote, wala haipaswi kulaumiwa kwa hilo. Lawama itakuwa yetu tukipanga mtaala kana kwamba ipo.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, *Kasri ya Mwinyi Fuad* isiteuliwe kufundishwa bila *Haini* au *Mashetani*. Pili, kamusi na miongozo ya walimu itofautishe mapinduzi ya umma na mapinduzi ya kijeshi, na ieleze historia ya neno hilo katika kila nchi. Tatu, simulizi ya Okello isomwe sambamba na kazi hizi, kama ushahidi wa kupimwa na si wa kuaminiwa tu. Mwanafunzi wa Tororo anayejifunza Kiswahili leo anastahili kuuliza, kila anapolikuta neno "mapinduzi": ni nani aliyepindua, nini kilichopinduka, na ni nani aliyepinduliwa?