Hovstad Ni Mimi

Katika An Enemy of the People, tamthilia ya Henrik Ibsen ya 1882, watu humshangilia Daktari Stockmann, aliyegundua kuwa maji ya bafu za tiba za mji wake yamechafuka. Mimi namwangalia Hovstad, mhariri wa gazeti. Anaukubali ushahidi chapchap kwa sababu unawachoma wakubwa. Akiambiwa wenyeji ndio watalipia ukarabati, anaukana. Maji ni yale yale.

Oktoba 2022, serikali ya Kenya ilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO, nilipinga siku hiyo hiyo. Utafiti sikuwa nimesoma hata mmoja. Niliangalia tu nani ametangaza. Angekuwa mtu wetu, ningepiga makofi. Sasa Hovstad akigeuka, sicheki.