Kadi za Mwalimu

Kabla mwanafunzi hajaingia, mwalimu amekwisha kupanga kadi mezani. Za buluu zina viambishi vya ngeli, za njano viambishi vya wakati, nyeupe mizizi ya maneno. Hapa ni chuoni, Marekani, na somo ni Kiswahili.

Kijana anayesubiriwa ni hodari wa hisabati, tena ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Wa namna yake huitwa wavivu upesi mno. Mwaka 1971 Kenneth Dinklage, mshauri wa wanafunzi wa Harvard, aliandika kuhusu vijana werevu walioshindwa lugha za kigeni tu. Walipofundishwa kwa mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya wenye disleksia, walianza kufaulu.

Sikio ndilo linalotangulia. Mwalimu anatamka: vi-ta-bu. Kijana anarudia, akigonga meza kwa kila silabi, kisha anaandika huku akitamka. Akikosea, mwalimu hamsahihishi. Anatamka tena, kwa sauti ileile, mpaka kijana asikie mwenyewe.

Sasa kadi. “Kitabu kimeanguka” imekaa mezani vipande vipande. “Viwe vingi,” mwalimu anasema. Kijana anaondoa ki- mbili za buluu, anaweka vi- mbili. Kadi ya -me- haiguswi, wala mizizi. Upatanisho wa kisarufi, unaowatoa wengi jasho, ameushika kwa vidole.

Kisha mwalimu anamwekea vi- na -umba.

“Viumba,” kijana anasoma.

“Sema haraka.”

“Viumba... vyumba!” Anakaa kimya, macho kwenye kadi. “Basi na chumba ni ki- iliyokutana na irabu? Na chombo? Na chuo?”

“Ndiyo.”

“Mbona kiumbe hakikuwa chumbe, Mwalimu?”

Swali hilo wengi hawalifikii hata mwaka wa tatu. Mwalimu hasemi kwamba liko nje ya somo la leo. Anavuta kiti, anachukua kadi tupu, anaandika -umb-, mzizi wa kitenzi kuumba, na nusu saa inayofuata ni ya swali hilo. Ufundi wake nauona hapa: herufi anazipunguza mwendo, fikra haipunguzi hata kidogo.

Mtihani wa kijana huyu hauna wepesi wowote. Anapewa muda wa ziada na sehemu ya kujibu kwa mdomo, na tahajia inasahihishwa mbali na sarufi. Maswali ni yaleyale ya darasa zima.