Jua Moja, Nishati Mbili

Maneno "nishati ya jua" yamekwisha kuenea magazetini, katika mihadhara na katika maduka ya vifaa vya umeme. Kama jina la jumla, hatuna ugomvi nayo. Tunalolipinga ni mazoea ya kuyafafanua kwa kusema kwamba paneli "hugeuza joto la jua kuwa umeme". Ufafanuzi huo si sahihi, na madhara yake hayaishii vitabuni.

Jua hutupatia mwanga na joto. Hita ya maji iliyo juu ya paa huhitaji joto. Seli ya silikoni huhitaji mwanga, na joto huidhoofisha. Maabarani seli hupimwa ikiwa na digrii 25 za Selsiasi. Kwa kila digrii inayozidi hapo, seli ya kawaida hupoteza kiasi cha asilimia 0.4 ya uwezo wake. Basi paneli ya wati 100, ikifikia digrii 65 kwa mwanga ule ule, hutoa wati 84 hivi. Fundi aliyefunzwa kwamba paneli hutumia joto ataibandika juu ya bati bila kuacha nafasi ya hewa kupita, akidhani ameisaidia.

Watafiti wao wanajua wanachokitafuta. Mwaka 1985 maabara ya Martin Green katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, ilitengeneza seli ya kwanza ya silikoni kufikia ufanisi wa asilimia 20. Uso wake ulichongwa vijifereji vyembamba, ili mwanga unaoakisiwa na ubavu mmoja uangukie ubavu wa pili. Kilichowindwa ni mwanga.

Je, neno "umemejua" linatosha? Kwa maoni yetu, halitoshi. Kituo cha Noor I nchini Moroko, kilichozinduliwa mwaka 2016, nacho hutoa umeme wa jua; lakini vioo vyake hukusanya joto la kuchemshia maji, na mvuke ndio unaozungusha mitambo. Jina lake ni nuru, kazi yake ni joto!

Tunapendekeza, basi, "umemejua" libaki kuwa jina la jumla. Chini yake ziwepo istilahi mbili: "umemenuru" kwa umeme wa seli, na "umeme wa jotojua" kwa ule wa mvuke, kwa kufuata mfano wa "jotoardhi" ambalo limekwisha kuzoeleka. Istilahi isiyotenganisha yale ambayo maabara imekwisha kuyatenganisha humwachia fundi kazi ya kubahatisha. Tunawaomba walimu wa fizikia na mafundi watupatie maoni yao.