Mganda na Hukumu ya Nyumbani: Sanaa ya Marejeo katika Mwambao wa Nyasa

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ni ya mabaharia wa bahari kuu, lakini yawafaa pia watu wa ziwa. Yatufunza kwamba msafiri, hata akizunguka chombo kizima, hana budi kurudi alikoanzia. Jambo moja tu haikulisema, nalo ni jinsi ngama inavyompokea huyo anayerejea, na kama yule aliyerejea ndiye yule aliyeondoka.

Ukimya huo umo pia katika maandishi ya safari ya Kiswahili. Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake wa Kijerumani, na habari zake zikachapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Wote wawili wana macho makali na lugha safi, na kila mpenda Kiswahili hufaidika kwa kuwasoma. Lakini katika maandishi ya namna hii msafiri ndiye msemaji, na nyumbani ni msikilizaji. Aliyekwenda husimulia, na waliobaki hustaajabu. Hakuna anayeinuka barazani akamwuliza msafiri, “Na wewe, umerudi mtu gani?”

Swali hilo liliulizwa, tena hadharani na kwa ngoma, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, na katika nchi ya milima ya Mbinga iliyo nyuma yake. Sanaa iliyouliza ni mganda, pamoja na mwenziwe wa kike, kioda. Wanahistoria wa ngoma na wanazuoni wa elimu ya jamii wameshughulika sana na ngoma za ukoo huu, lakini wahakiki wa fasihi wamezipita kama kwamba ni mchezo wa miguu tu. Yafaa zitazamwe kwa haki yake, yaani kama fasihi ya marejeo.

Kwanza yapasa kukumbuka jinsi watu wa mwambao huu walivyokuwa wasafiri. Katika Vita Kuu ya Kwanza wengi wa nchi za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Kisha kodi ya serikali ilitaka fedha taslimu, na fedha haikupatikana kwa samaki na mihogo. Katika milima ya Umatengo kahawa iliwapa watu sababu ya kubaki nyumbani, wakilima katika mashimo yao ya ngolo. Lakini mvuvi wa mwambaoni na mkulima wa Ungoni hawakuwa na mti kama huo. Wako waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga wakaitwa manamba. Wako waliovuka ziwa kwenda Nyasaland, wakaendelea hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, au ya dhahabu ya Afrika Kusini. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya Wangoni na Wandendeule, alionyesha kwamba kuondoka huku kulikuwa sehemu ya maisha ya kawaida ya nchi ile: kijana alikwenda, alirudi, akaenda tena. Kwa hiyo marejeo hayakuwa ajabu ya mtu mmoja. Yalikuwa jambo la kila kijiji, na jambo la kila kijiji hutafuta sanaa yake.

Mganda huchezwa na wanaume. Hujipanga kwa safu kama askari, wamevaa shati jeupe na kaptula nyeupe, soksi ndefu na viatu. Yuko kiongozi, na viko vyeo vilivyotwaliwa kwa majeshi na maofisa. Mwendo si wa kuruka. Ni wa taratibu, wa madaha, mguu ukiinuliwa na kutuliwa kwa hesabu. Nyuma yao hupigwa ngoma kubwa, ambayo ndiyo iliyoipa sanaa hii jina. Mikononi wachezaji wana malipenga, yaani vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa tundu dogo kwa utando mwembamba wa buibui, na mchezaji huimba ndani yake hata sauti yake ikatoka kama ya tarumbeta. Kijiji hualika kijiji, wageni hulishwa na kulazwa, na watu hushindana mbele ya macho ya wote. Ni jamaa ya beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuenezwa bara na askari.

Hukumu ya kwanza iliyotolewa juu ya ngoma za namna hii ilikuwa kwamba ni kuiga tu. Wako waliocheka kumwona Mwafrika akijiita kapteni. Wengine hawakucheka bali waliogopa: baada ya mgomo wa mwaka 1935 katika migodi ya shaba, tume ya uchunguzi iliihoji habari ya chama cha mbeni kama kwamba ngoma ilikuwa njama. J. Clyde Mitchell, aliyeandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela ya migodi hiyo, alikuwa na busara zaidi. Yeye aliona kwamba mavazi nadhifu ya wachezaji yalikuwa kipimo cha heshima katika mji ambamo heshima ilipimwa kwa mwenendo wa Kizungu.

Maelezo ya Mitchell yana nguvu kwa mji wa migodi. Lakini mhakiki akiyachukua na kuyashusha Liuli au Mbamba Bay kama yalivyo, atakosea; maana hadhira imebadilika, na hadhira ikibadilika sanaa nayo hubadilika maana. Mjini mchezaji hutazamwa na wageni wasiojua alikotoka. Anaweza kujifanya atakavyo. Nyumbani hutazamwa na mjomba aliyemfundisha kutupa nyavu, na bibi aliyemwogesha, na wenzi wanaolijua jina lake la utani la utotoni. Mbele ya watu hao hakuna anayeweza kudanganya kwa soksi ndefu. Akijiita daktari, wote wanajua kwamba si daktari. Naye anajua kwamba wanajua. Hapo ndipo kuiga kunapokoma na mchezo wa kweli kuanza. Ugenini hauletwi ili usujudiwe. Huletwa uwanjani ili utazamwe, upimwe, na pengine uchekwe.

Mambo mawili katika umbo la mganda yanathibitisha neno hili. La kwanza ni sare. Watu wanaorudi kutoka mbali hawarudi sawa. Mmoja hushuka melini na cherehani, baiskeli na masanduku matatu. Mwingine hushuka na blanketi moja na kikohozi cha mgodini. Siku ya kwanza tofauti hiyo huonekana na kila mtu, nayo huleta wivu kwa huyu na aibu kwa yule. Lakini katika safu ya mganda wote wawili wamevaa nyeupe. Aliyefanikiwa hana ruhusa ya kuvaa suti yake ili ang’are peke yake, na aliyerudi mikono mitupu hapungukiwi na hatua. Mavazi ambayo mjini yalikuwa kipimo cha kumpandisha mtu juu ya mwenzake, nyumbani yamegeuzwa kuwa kifuniko cha kuwasitiri wote. Mtazamaji asiyeijua nchi huona sare akasema, “Wanaiga askari.” Mwenye kuijua huona kijiji kikikataa kugawanyika kwa mali ya ugenini.

Jambo la pili ni lipenga lenyewe. Askari waliisikia tarumbeta ya shaba kambini. Shaba hiyo haikuletwa. Kilichochukuliwa ni kibuyu kilichoota nyuma ya nyumba na utando wa buibui wa ukutani, na ndani yake msafiri akatakiwa aimbe kwa pumzi yake mwenyewe. Hapana mfano ulio bora wa kuonyesha sharti la marejeo: sauti uliyoisikia mbali yakubalika, lakini ipite katika chombo cha hapa. Sanaa isiyo na maandishi imelisema jambo hili waziwazi kuliko riwaya nyingi zenye kurasa mia mbili.

Pembeni mwa mganda iko kioda, ngoma ya wanawake. Nao hujipanga kwa safu na kuvaa sare, na miondoko yao ni ya utulivu. Mara nyingi imetajwa kana kwamba ni kivuli cha ngoma ya wanaume, na hilo ni kosa. Wanawake ndio waliobaki. Wao ndio waliolima shamba, waliolea watoto na kuuguza wazee wakati waume wakihesabu siku za mkataba. Kwa hiyo nyimbo za kioda, zinaposifu, kuonya na kusuta, husema kwa haki ya mtu aliyekuwapo. Ikiwa mganda ni kauli ya aliyerudi, kioda ni jibu la aliyengoja. Kuihakiki moja bila ya nyingine ni kusoma barua na kuitupa ile iliyoijibu.

Hata hivyo sanaa hii ina upungufu wake, wala haifai kuufunika kwa mapenzi. Mganda ni ngoma ya aliyefika. Sare yaweza kumsitiri maskini, lakini haiwezi kumvika asiyekuwapo. Katika Kinyanja, lugha ya pande zote mbili za ziwa, liko neno mchona, yaani mtu aliyekwenda kazini ughaibuni akapotelea huko, asirudi. Jaap van Velsen, katika makala yake ya mwaka 1960 juu ya Watonga wa ng’ambo ya ziwa, alieleza kwamba wasafiri hawa walishikamana na vijiji vyao hata wakiwa mbali, kwa kuwa walitazamia kurudi huko uzeeni. Ni kweli kwa walio wengi. Lakini matumaini hayo ndiyo yanayozidisha msiba wa mchona, maana mahali pake hapajazwi. Safu ya mganda hujibana, pengo likazibwa, na ngoma ikaendelea vizuri kana kwamba hakuna aliyekosekana. Uzuri huo una ukatili ndani yake. Kioda, kwa kuwa ni sanaa ya kungoja, ina nafasi zaidi ya kumtaja asiyekuja. Na huenda hiyo ndiyo sababu utulivu wake humgusa mtazamaji kuliko madaha ya wanaume.

Mambo yaliyoizaa sanaa hii yamepita. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji wa watu wake kwa migodi ya Afrika Kusini, na baadaye mashamba ya mkonge yalipungua nguvu. Meli ya Ilala, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951, ilikuta bado wakati wa manamba. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ilizaliwa katika wakati mwingine kabisa. Lakini kuondoka hakukukoma. Watoto wa mwambao wako Dar es Salaam, wako Afrika Kusini kwa njia nyingine, wako Ulaya na Marekani. Nao hurudi kutembea, kwa majuma mawili au matatu, kisha huenda zao.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Mgeni wa leo hupokewa kwa chakula na picha. Hutoa zawadi, husema maneno machache kanisani au msibani, nao waliobaki hupiga makofi. Yaani nyumbani pamerudishwa katika hali ile ya vitabu vya safari: msafiri msemaji, wenyeji wasikilizaji. Hakuna sare ya kumsawazisha na ndugu yake, wala kibuyu cha kupitishia sauti yake, wala safu ya wanawake ya kumjibu. Huondoka akidhani amekaribishwa, na kumbe hakuulizwa neno. Waliobaki nao hubaki na maneno yao vifuani, yakageuka kuwa manung’uniko baada ya basi kuondoka.

Mganda na kioda zingali zikichezwa katika nchi ya Mbinga na Nyasa, na huonyeshwa pia katika sherehe za taifa. Kuonyeshwa huko ni heshima, lakini kuna hatari yake: ngoma iliyokuwa baraza huweza kugeuka kuwa pambo, watu wakatazama weupe wa kaptula na kusahau swali. Kwa hiyo wenye kukusanya fasihi simulizi wasiridhike na kupiga picha za safu. Waandike nyimbo za pande zote mbili, za wanaume na za wanawake, pamoja na majina ya watunzi, na lililomfanya kila mtunzi atunge. Tena wafanye hivyo wakati wazee waliowaona manamba wakishuka melini bado wapo wa kuulizwa.

Methali ilisema kwamba marejeo ni ngamani, ikanyamaza. Watu wa mwambao wa Nyasa waliikamilisha kwa miguu yao na kwa vibuyu vyao: kurudi si kufika tu, ni kukubali kutazamwa na wanaokujua, na kungoja watakalosema.