Mitumba ya Vita: Moto Kwenye Stoo ya Rick Dalton

Tuongee kuhusu kicheko kimoja. Kinatoka filamu ya Once Upon a Time in Hollywood (2019) ikikaribia kuisha. Kama hujaitazama, pole, hapa utamu unaharibika. Rick Dalton, mwigizaji ambaye jua lake linatua, amejilaza juu ya boya kwenye kidimbwi chake cha kuogelea, hedifoni masikioni. Msichana wa kundi la Charles Manson anaingia akipiga mayowe, damu usoni, bastola mkononi, na anatumbukia majini. Rick anakimbia hadi stoo ya vifaa. Anarudi akiwa amebeba mgongoni mtambo wa kurusha moto, ule wa kijeshi, na anamchoma binti yule akiwa ndani ya maji. Watu wanacheka. Wengine wanapiga makofi.

Sijaja kumkemea mtu aliyecheka. Quentin Tarantino ni fundi, na kicheko hicho amekipanga kwa zaidi ya saa mbili. Ninachotaka kuuliza ni kitu kidogo tu ambacho wahakiki wengi walikipita mbio: kwani ule mtambo ulikuwa unafanya nini nyumbani kwa mtu?

Filamu inajibu nusu. Rick aliwahi kuigiza kwenye sinema ya vita, akachoma Wanazi kwa mtambo huo, kisha akabaki nao. Sisi tunalijua neno la vitu vya aina hii: mitumba. Koti la mwanajeshi wa Ujerumani linafika Gikomba, linafuliwa, linapigwa pasi, na kijana wa Umoja analivaa bila kujua lilikotoka. Hakuna ubaya, koti ni koti. Lakini silaha haifuliki hivyo. Mtambo wa kurusha moto ukitoka jeshini ukaingia stoo, kazi yake haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mtu anayeubeba.

Hebu tuutazame kama kitu halisi. Ule wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, M2, ulikuwa na matangi mawili ya mafuta na tungi moja la gesi iliyoshindiliwa ya kuyasukuma. Ukijaa ulikuwa na uzito wa kilo 30 na kitu. Moto wake ulifika mita 20 hadi 40, na mafuta yote yaliisha kwa sekunde chache tu, chini ya kumi. Soma hiyo tena. Mtu anabeba mgongoni mzigo unaokaribia mifuko miwili mikubwa ya unga, uliojaa petroli, ili apate sekunde zisizofika kumi.

Ndiyo maana hakuna askari aliyeutumia peke yake. Hershel Williams, Mmarekani aliyepewa nishani kubwa kabisa ya nchi yake kwa kazi aliyoifanya Iwo Jima tarehe 23 Februari 1945, alipigana saa nne akilindwa na wenzake wanne wenye bunduki. Wawili kati yao walikufa siku hiyo wakimlinda. Huo ndio mtambo ukiwa mahali pake: kijana mmoja aliyefundishwa, wanne wa kumlinda, na bado maiti mbili upande wake mwenyewe. Upande wa pili, ndani ya mahandaki ya Wajapani, moto uliwaua watu na pia ulimaliza hewa waliyokuwa wakivuta.

Sasa rudi kwa Rick. Yuko peke yake, amelewa, anatetemeka. Tungi lililokaa stoo miaka kadhaa bado lina gesi. Mipira ya kuzuia mafuta yasivuje haijachakaa. Mafuta yamo, tena hayajaharibika. Kiwashio kinawaka mara ya kwanza. Halafu kuna maji. Jicho linatuambia kidimbwi kinaufanya moto ule kuwa salama kidogo, kumbe petroli huelea na kuendelea kuwaka juu ya maji. Katika maisha ya kawaida, mtu wa kwanza kuwa hatarini ni Rick, wa pili ni mke wake aliye ndani ya nyumba, na wa tatu ni jirani.

Najua utaniambia: ni sinema tu, bana. Sawa. Lakini filamu yenyewe inajua zaidi ya inavyotuonyesha mwishoni. Mapema kuna kipande kifupi Rick akifundishwa kuutumia mtambo huo. Anashtushwa na joto, na anauliza kama haliwezi kupunguzwa. Anajibiwa, kwa ufupi, kwamba huo ndio mtambo wenyewe. Hapo pia tunacheka, ila ni kicheko kinachojua ukweli. Mwigizaji amegusa kitu ambacho si maigizo, na mwili wake umemwambia. Kwa sekunde chache Tarantino anatupa filamu ya kweli kuhusu silaha. Mwishoni anaichukua tena. Rick aliyeogopa joto ametoweka, na nafasi yake imechukuliwa na Rick wa bango la sinema.

Hapo ndipo ninapokosana na filamu. Hadithi nzima ni kuhusu mtu aliyegeuka mtumba. Hollywood imemvaa, imemchosha, inataka kumuuza kwa bei ya kutupa. Mtambo kwenye stoo ni pacha wake: zana ya enzi iliyopita, imehifadhiwa kwa sababu ya kumbukumbu tu. Picha nzuri kweli. Lakini ili Rick apate heshima yake tena, lazima mtambo ufanye kazi bila kosa, na mwili wa binti lazima uwe ngazi. Anamsimulia kisa chake jirani pale langoni, na usiku unaisha kwa mwaliko wa kinywaji kwa Sharon Tate, mwanamke ambaye katika historia aliuawa usiku ule wa Agosti 1969. Tunamfurahia Sharon aliye hai, na ni haki yetu. Ila furaha hiyo ndiyo inayotuzuia kuuliza chochote kuhusu ule moto.

Rachel Kushner, katika riwaya yake The Flamethrowers (2013), alifanya kinyume. Kuna mtoto wa Kiitaliano anayewapenda kuliko wote wanajeshi wa kurusha moto, kwa yale mavazi yao ya kutisha. Baba yake anamweleza kwamba hao walikuwa watu wa kuhurumiwa: wazito, wa polepole, rahisi kulengwa, na wakikamatwa hawaonewi huruma. Mtoto anaendelea kuwapenda tu. Kushner anauacha mvuto ubaki mvuto, lakini anakuonyesha bei yake. Msomaji anabaki na vyote viwili mkononi.

Na mvuto huo hauishii vitabuni. Jeshi la Marekani liliacha kuutumia mtambo huu mwaka 1978, lakini sheria ya shirikisho ya nchi hiyo haiuhesabu kama bunduki. California inadai kibali, Maryland inaukataza, na sehemu nyingi mtu anaweza kuununua bila maswali mengi. Mwaka 2018 kampuni ya Elon Musk iliuza vifaa 20,000 kwa dola 500 kila kimoja, vikapewa jina la utani lililosema kwamba hivyo si vya kurusha moto. Kwa kweli vilikuwa karibu na tochi ya gesi ya fundi kuliko M2. Lakini watu hawakuwa wananunua tochi. Walikuwa wananunua ile picha ya sinema, shujaa na moto wake, bila kilo 30 na bila wale wanne wa kukulinda.

Labda inasaidia kuitazama filamu hii ukiwa Nairobi. Sisi petroli haituchekeshi kirahisi. Sachangwan, Januari 2009. Sinai, Septemba 2011. Katika kila mkasa, zaidi ya watu mia moja, na wengi walikuwa wamebeba mitungi tu, wakitafuta riziki. Mtu anayeyakumbuka majina hayo anajua kwamba moto wa mafuta haumtambui aliyeuanza wala anayestahili.

Itazame hiyo filamu, ni nzuri kushinda nyingi. Cheka ukitaka. Lakini ukifika pale Rick anapokimbilia stoo, mkumbuke yule Rick wa mwanzo aliyeuliza kama joto haliwezi kupunguzwa. Alikuwa ameuliza swali zuri kuliko yote ndani ya filamu nzima, na filamu ikamfanya alisahau.