Ustadi wa Tanga katika Maji ya Ukerewe

Safari fupi ya mashua ya tanga katika visiwa vya Ukerewe, vilivyo kaskazini ya Mwanza katika Ziwa Viktoria, iwe ya siku mbili au tatu, haipimwi kwa kilomita, kwa kuwa nahodha wake hutawaliwa na zamu za pepo mbili, na kazi yake yote, tangu kung'oa nanga hadi kuivuta mashua ufukoni, ni kuzitambua zamu hizo mapema na kuzifuata. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa yake nzito huteremka kuelekea ziwani. Huu ndio upepo wa nchi kavu, ambao katika ufuko wa Mwanza huvuma kwa jumla kutoka kusini na kuendelea hadi asubuhi. Jua likishapanda mambo hugeuka: bara hupata joto, hewa yake hupaa, na hewa ya ziwani huingia kushika nafasi iliyoachwa, hata ikifika alasiri upepo hutoka kaskazini. Kwa hiyo mwenye tanga aendaye Ukerewe hupelekwa na upepo wa kwanza na kurudishwa na wa pili, na kati ya pepo hizo huwapo shwari ya saa kadhaa, ambayo msafiri mwenye haraka huiona hasara, ilhali mvuvi huijua kuwa wakati wa mshipi.

Ustadi huu unastahili kusifiwa kwa sababu hauna njia ya mkato. Chombo chenyewe ni chepesi kueleza: mlingoti uliosimama, foromali, yaani boriti ya mshazari inayobeba tanga, na demani, kamba inayolikaza au kulilegeza tanga kwa kadiri ya upepo. Ugumu uko katika mkono unaoishika demani hiyo huku mkono mwingine ukiwa kwenye usukani. Upepo ukitoka mbele, mashua haiwezi kuukabili moja kwa moja, bali hupigwa bisho, yaani huendeshwa kwa pembe upande huu, kisha upande ule, na kila mgeuzo unaofanywa kwa kuchelewa hurudisha nyuma sehemu ya njia iliyokwisha kupatikana kwa taabu. Nahodha mzuri hutazama mbali: rangi ya maji inapokolea kwa viwimbi, hujua upepo unakuja kabla haujaligusa tanga lake, na mkono wake huwa umekwisha kujiandaa.

Njia hutoka Capri Point, rasi ya mjini Mwanza, hupita Saanane, kisiwa kidogo cha mawe kilichokuwa bustani ya wanyama tangu miaka ya 1960 na sasa ni hifadhi ya taifa, kisha huacha Ghuba ya Mwanza na kuingia maji mapana ya Ghuba ya Speke. Hapo miamba mingi haionekani, kwa kuwa mawe yale yale makubwa yaliyorundikana katika vilima vya Mwanza yanaendelea chini ya maji. Nahodha huiogopa miamba hiyo na mvuvi huitafuta, maana sangara hupenda kuvizia kandokando yake. Sangara, samaki mlanyama awezaye kufikia urefu wa karibu mita 2, si mwenyeji wa ziwa hili; alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kuongezeka kwake kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa wakipatikana humu pekee. Mwenye kumvua kwa starehe hana budi kulikumbuka hilo, ingawa mapambano yake na samaki huyo mwenye nguvu hayapungui thamani. Mashua ikienda polepole, mshipi wenye chambo hukokotwa nyuma yake. Ikisimama katika shwari, ndoana huteremshwa karibu na mwamba na kushikwa kwa kidole, kwani kidole kilichozoea hutofautisha jiwe, mwani na mdomo.

Jambo kubwa zaidi katika ujuzi huu ni kujua saa ya kutosafiri. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, hewa yenye unyevu husukumwa juu, na mawingu ya radi hujengeka kwa kasi, ndiyo maana dhoruba kali za Ziwa Viktoria huwapata wavuvi wengi usiku na alfajiri. Mwenye hekima huutazama upeo kabla ya kuitazama saa, husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na haoni aibu kulala Ukerewe usiku wa pili.

Elimu hii ina umri. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kagehyi, kijiji cha ufuko wa kusini, kulizunguka ziwa kwa mashua iliyoundwa Uingereza na kubebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani; hata hivyo alimchukua mwenyeji aitwaye Saramba amwongoze, maana mashua bora haijui miamba iko wapi. Miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa pwani walikuwa na jahazi zao humu, na yamkini baadhi ya maarifa ya tanga yalikuja nao na kuungana na yale ya wapiga makasia wa visiwani.

Leo injini imechukua sehemu kubwa ya kazi ya tanga, na hakuna haki ya kumlaumu mvuvi ambaye samaki wake wataharibika akisubiri upepo. Lakini injini humruhusu kijana kuvuka ghuba bila kuujua upepo, na siku inapozimika katikati ya maji hana la kufanya. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wenye kampasi yake Nyegezi, ungefanya jambo jema kuwaita manahodha wazee wa Ukerewe na Ukara, ukawalipa kama walimu wengine, na kuwapa wanafunzi muhula mzima ndani ya mashua isiyo na injini, ili kila mmoja ajifunze kutoka alfajiri na kurejea alasiri kwa demani na usukani peke yake.